Mvinyo huu ni mkali: ukali upi?

Chupa ya mvinyo mwekundu usio na sukari ikifunguliwa mezani Arusha, neno la kwanza huwa moja: "Mkali huu." Aliyesema amekunja uso, glasi ameirudisha mezani, na chupa inakaa imejaa mpaka sinia la nyama linaisha. Neno hilo si la uongo, ila limebebeshwa mizigo mingi mno. Tunasema pilipili kali, siki kali, dawa kali, pombe kali, na kila moja inauma kwa namna yake. Mvinyo mwekundu wenye nguvu una ukali wa namna nne ndani ya funda moja, na kila namna ina chakula cha kuituliza na chakula cha kuichochea. Anayejua ni ukali upi uliomkunja uso anajua pia aagize nini jikoni.

Wa kwanza ni ukakasi. Tafuna kipande cha ndizi mbichi, au ng'ata bibo la korosho, utaujua: ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi, fizi zinakauka, midomo inagandana na meno. Wa pili ni uchachu, ule wa ndimu, unaofanya mate yatiririke kando ya ulimi. Wa tatu ni uchungu, ule wa mnafu uliochemshwa bila maziwa, unaobaki nyuma kabisa ya ulimi baada ya kumeza. Wa nne ni moto wa kilevi, unaoteremka kooni na kukaa kifuani. Watu wa Kilimanjaro wamekwishafunzwa huo wa tatu na mbege, pombe yao ya asili: gome la mti wa msesewe hutiwa makusudi ili kuupa utamu wa ndizi na ulezi uchungu wa kuusimamisha, na mbege isiyo na uchungu kabisa huonekana imepwaya. Kwa hiyo wazo kwamba kinywaji kizuri kinaweza kuwa na uchungu ndani yake si geni huku. Kigeni ni ukakasi, na karibu kila anayesukuma glasi pembeni anasukuma ukakasi.

Ukakasi unaweza kuusoma jikoni kwako kabla hujanunua chupa. Chukua majani ya chai kijiko kimoja cha chai kilichojaa, yachemshe kwenye maji nusu kikombe kwa dakika 5, chuja, usitie sukari. Iache ipoe. Piga funda moja, lizungushe mdomoni, liteme. Subiri kidogo, piga la pili, halafu la tatu. Utaona la tatu linakausha kuliko la kwanza, ijapokuwa chai ni ile ile. Sababu ni tanini, kitu kinacholeta ukakasi kwenye chai na kwenye mvinyo mwekundu vilevile. Tanini hushikana na protini za mate, na mate yakishanyang'anywa protini zake hayalainishi tena, ndiyo maana ulimi unakwaruza. Kila funda linakuta mate yamepungua nguvu zaidi. Sasa ongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa kwenye chai ile ile, onja tena: ukakasi umeshuka sana, kwa kuwa tanini zimepata protini za maziwa za kushikana nazo na zimeyaacha mate yako. Hiyo ndiyo kanuni yote ya nyama na mvinyo mwekundu, na umeiona ndani ya kikombe cha chai.

Jambo hilo lina maana moja ya haraka. Usihukumu mvinyo wenye tanini nyingi kwa kuunywa mtupu, funda juu ya funda, huku mkisubiri nyama iive. Ukifanya hivyo, mvinyo wowote wenye nguvu utashindwa kabla chakula hakijafika.

Chupa yenyewe

Kwenye rafu za Arusha na Moshi, mvinyo mwekundu wenye nguvu mara nyingi hutoka Afrika Kusini, na kati ya hiyo uliozaliwa huko huko ni Pinotage. Zabibu hii iliundwa mwaka 1925 Stellenbosch na Profesa Abraham Izak Perold, aliyechavusha Pinot Noir na Cinsaut. Cinsaut wakati huo Afrika Kusini iliitwa Hermitage, na jina Pinotage ni muunganiko wa majina hayo mawili. (Mwaka huo huo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha KNPA, chama kilichokuja kuzaa KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro. Mche na chama ni vya rika moja.) Perold alitaka ubora wa Pinot Noir, ambayo ni zabibu nyeti na ngumu kulima, uungane na ustahimilivu wa Cinsaut, inayovumilia jua na ukame. Kilichopatikana hakikufanana na mzazi yeyote: zabibu ndogo, nyeusi, za ganda nene, zinazoiva mapema na kujaza sukari upesi. Chupa ya kwanza yenye jina Pinotage kwenye lebo ilitoka sokoni mwaka 1961, ikiwa na mvinyo wa mavuno ya 1959, chini ya jina la Lanzerac. Heshima ya kimataifa ilichelewa zaidi. Mwaka 1991 Beyers Truter wa shamba la Kanonkop alitajwa kuwa mtengenezaji bora wa mwaka katika mashindano makubwa ya Uingereza, na Pinotage ndiyo iliyomfikisha hapo.

Ganda nene ndilo linaloeleza nguvu yake. Rangi na tanini za mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda na mbegu, siyo kwenye maji ya zabibu, kwa hiyo zabibu ndogo ya ganda nene ina maganda mengi kwa kila lita ya maji yake. Sukari nyingi nayo hugeuka kilevi kingi, ndiyo maana lebo nyingi za Pinotage husoma asilimia 13.5 hadi 14.5. Kadiria moto wa kifuani kwa namba hiyo kabla hujalipa.

Ukiinusa Pinotage changa, huenda ukakutana na harufu ambayo mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa: ndizi mbivu. Hakuna aliyetia ndizi humo. Chachu inapogeuza sukari kuwa kilevi huzalisha kitu kiitwacho isoamili asetati, na kitu hicho hicho ndicho kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Pinotage inakizalisha kwa wingi kuliko zabibu nyingi. Kwa kiasi, kinanukia vizuri chini ya harufu za zambarau, zabibu nyeusi na moshi. Kikizidi, unasikia ndizi kisukari iliyolala siku mbili jikoni, na nyuma yake harufu kali ya asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Harufu ya asetoni ni dosari. Inaonyesha kuwa uchachuaji ulikwenda ovyo au bakteria wa siki waliingia, nayo haiondoki kwa kuuacha mvinyo upumue. Harufu ya mpira ulioungua, ambayo Pinotage za zamani zilisutwa nayo sana, hutokana zaidi na misombo ya salfa. Hiyo mara nyingine hupungua ukiumimina mvinyo kwenye jagi na kuutikisa.

Kuna na chupa zenye harufu ya kahawa iliyokaangwa na chokoleti. Humo pia hakuna kahawa. Harufu hiyo hutoka kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa sana ndani kabla mvinyo haujalazwa nazo. Kwa anayeanza ni mlango mwepesi, lakini kwa nyama choma si chaguo langu: nyama imekwishabeba moshi wake, na moshi wa mbao juu ya moshi wa mkaa unafunika tunda lote. Chagua chupa ambayo lebo yake inataja matunda, siyo kahawa.

Dukani, itazame chupa kabla ya bei. Joto ndilo adui mkubwa wa mvinyo huku kwetu kuliko umri. Chupa iliyosimama wiki kadhaa kwenye dirisha linalopigwa na jua la Moshi imepikwa, hata kama ni ya mwaka jana. Dalili zake ni kizibo kilichojisukuma juu ya mdomo wa chupa, au michirizi ya kunata chini ya karatasi ya shingoni, kwa kuwa mvinyo ulitanuka kwa joto ukapenya. Mvinyo uliopikwa hunusa kama zabibu kavu zilizochemshwa, na rangi yake huelekea udongo mwekundu. Omba chupa ya chini ya kaunta au ya stoo, penye giza. Chupa ya kizibo cha kuzungusha usiidharau. Haina koki, yaani kizibo cha gome la mti, kwa hiyo haiwezi kupata ule ugonjwa wa koki wenye harufu ya boksi lililolowa na gunia la ukungu, na mvinyo wa kunywa ndani ya miaka miwili mitatu hauhitaji koki.

Joto la kunywea

Kile kinachoitwa "joto la chumba" kiliandikwa na watu wa vyumba vya baridi. Maana yake ni nyuzi 16 hadi 18. Moshi mwezi wa Februari mchana unapita nyuzi 30, na mvinyo uliokaa mezani saa mbili unafikia hapo hapo. Katika nyuzi 28, kilevi hupanda puani kabla ya tunda, na moto wa kifuani unaongezeka. Watu wakiona hivyo huulaza kwenye friji usiku kucha, ambako unashuka mpaka nyuzi 4 au 5, na hapo tatizo linageuka: baridi inafunga harufu na kuongeza ukakasi na uchungu. Mvinyo ule ule uliokuwa moto sasa unakwaruza kama chai uliyoichemsha ukaitia barafu.

Tiba ni ndoo. Tia barafu nusu na maji nusu, zamisha chupa hadi shingoni, hesabu dakika 10 ikiwa chupa ilikuwa na joto la Moshi, dakika 5 au 6 ikiwa ni ya Arusha siku ya kawaida. Maji ni ya lazima. Barafu tupu inagusa chupa hapa na pale, na hewa iliyo katikati haipoozi upesi. Friji peke yake huchukua saa moja hadi saa moja na nusu kufanya kazi hiyo hiyo. Huna kipimajoto? Shika glasi iliyomiminwa: ikiwa ya baridi mkononi bila kutoa jasho kwa nje, uko karibu. Na Arusha usiku wa Juni na Julai, nyuzi zinaposhuka chini ya 15, kazi ni kinyume chake. Chupa iliyolala stoo inahitaji nusu saa ndani, mbali na mlango, au viganja viwili kwenye tumbo la glasi kwa dakika chache.

Kuhusu kupumua: kufungua chupa na kuiacha wazi hakusaidii kitu cha maana, kwa sababu mdomo wa chupa ni mdogo kama shilingi na ndipo hewa inapogusia tu. Mimina wote kwenye jagi pana la kioo, kutoka juu kidogo ili uchuruzike, uache dakika 30 hadi 45 kwa mvinyo mchanga wenye nguvu. Jagi lioshwe kwa maji moto matupu. Sabuni iliyobaki ukutani inanusa kuliko mvinyo, na hilo linahusu glasi pia. Vikombe vya plastiki viache kwa soda.

Kuonja

Mimina theluthi ya glasi, kama mililita 120, usijaze. Glasi iliyojaa haizungushiki, na mvinyo usiozungushwa hautoi harufu. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe: katikati ya Pinotage changa pana wino wa zambarau, na ukingoni pinki inayong'aa. Ukingo ukiwa na rangi ya tofali, mvinyo ama umezeeka ama umepikwa. Nusa mara moja kabla ya kuzungusha, mara moja baada. Kisha piga funda la kijiko kimoja cha chakula na uvute hewa juu yake kwa kelele, *fyuuu*, kama wanavyofanya waonjaji wa kahawa pale Moshi juu ya vijiko vyao. Hawafanyi hivyo kwa utovu wa adabu. Kuvuta hewa kunasambaza kimiminika ulimi mzima na kupandisha harufu puani kwa njia ya kooni, ambako ndiko sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha kinakosomwa. Wao hutema, nawe ukiwa na chupa tatu za kulinganisha tema.

Baada ya kutema, kaa kimya na usikilize mdomo kwa mpangilio. Kando ya ulimi: mate yanatoka? Huo ni uchachu, na mvinyo wenye uchachu wa kutosha utaweza mafuta. Fizi za mbele juu ya meno: zinakauka? Pitisha ulimi juu yake. Ukisikia unga laini kama wa ulezi, tanini zimeiva. Ukisikia kitu cha kijani kinachoshika kama ganda la ndizi mbichi, zabibu zilichumwa kabla ya wakati au mbegu zilikamuliwa mno. Nyuma ya ulimi: uchungu unabaki? Hesabu polepole. Uchungu unaokwisha ndani ya pumzi mbili tatu utafutwa na chumvi ya nyama. Ule unaokaa na kukua hautafutika. Kifuani: kuna moto? Kama upo na mvinyo uko nyuzi 17, huo ni wa chupa yenyewe, na unajua kwamba pilipili leo haitakaribia meza.

Mbuzi

Nyama choma ya mbuzi ndiyo mahali pa kwanza pa kuipeleka Pinotage, lakini siyo mbuzi yeyote wala kipande chochote. Paja la mbuzi ni nyama kavu. Mvinyo wenye tanini nyingi ukikutana na nyama kavu iliyoiva sana, kinywa kinakuwa jangwa kwa pande zote mbili. Agiza mbavu na kidari, penye mafuta kati ya nyama na mfupa. Mafuta hupaka ulimi, protini ya nyama hushika tanini, na kutafuna kwenyewe huita mate mapya. Kila tonge la mbavu linafanya kile ambacho maziwa yalifanya kwenye chai.

Chumvi ina kazi yake peke yake, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: chumvi hufifisha uchungu. Ndiyo maana nyama iliyopooza humfanya mvinyo aonekane mchungu, na nyama ile ile ikitiwa chumvi vizuri mvinyo unalainika na tunda linajitokeza. Kwa kilo moja ya mbavu zenye mifupa, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi laini kinatosha, ipakwe saa moja kabla ya moto ili iingie ndani. Ukiwa kwenye choma, mwambie mchomaji mapema: "Kaka, kilo moja ya mbavu, chumvi paka sasa hivi, ndimu na pilipili niwekee pembeni." Chumvi ya kuchovya inayokuja kwenye kisahani inasaidia, lakini inakaa juu juu na kila tonge linakuwa na chumvi tofauti.

Moto nao una neno. Rangi ya kahawia juu ya nyama, ile inayonukia karanga na mkate, inaoana na moshi wa Pinotage vizuri sana. Rangi nyeusi ni masizi, na masizi ni machungu. Nyama ikiwekwa juu ya ndimi za moto, mafuta yanadondoka, yanawaka, yanarudi kwenye nyama kama moshi mweusi. Uchungu huo ukijumlishwa na uchungu wa mvinyo, watu humlaumu mvinyo. Mkaa uwe umeshika majivu meupe, nyama ikae juu kidogo, ipewe karibu saa moja, na sehemu zilizoungua zikwanguliwe kwa kisu kabla ya kukatakata.

Sasa maadui. Pilipili ni wa kwanza. Kilevi huchochea mishipa ile ile ya fahamu inayohisi pilipili kama moto, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 juu ya pilipili mbuzi hauzimi, unamwagia mafuta ya taa. Tanini nazo zinakuta ulimi umekwishavimba. Anayetaka pilipili siku hiyo anywe bia, na atafurahi zaidi. Wa pili ni ndimu. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unapwaya, unakuwa kama maji ya zabibu yaliyosahauliwa. Ndimu nzima juu ya sahani ya mbavu inaiua chupa nzima. Wa tatu ni utamu: tomato sosi ya chupa, ambayo ina sukari nyingi, na ndizi mbivu za kuchoma. Sukari ya chakula huondoa tunda kwenye mvinyo na kubakisha uchachu na uchungu mtupu.

Kachumbari basi ifanyweje, maana nyama choma bila kachumbari haikamiliki? Kwa watu wanne: vitunguu maji viwili, katakata vyembamba, vifikiche kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vikae dakika 10, vioshe kwa maji baridi na uvikamue. Nyanya tatu ngumu, toa mbegu na maji yake, kwa kuwa humo ndimo uchachu mwingi ulimo. Kisha parachichi moja lililoiva la huku huku, likatwe vipande vikubwa. Parachichi linachukua nafasi ya ndimu: linaleta ubaridi na wepesi kwa mafuta yake badala ya uchachu. Chumvi kidogo, kotimiri, basi. Ladha haipungui, na chupa inasalimika.

Ndizi za kuchoma zisizoiva zinafaa, kwa sharti moja: ziive mpaka ndani. Ndizi iliyoungua nje na ndani bado ina utomvu inaleta ukakasi wake yenyewe, na ukakasi juu ya ukakasi haukaliki. Ivunje katikati. Ikitoka unga mkavu kama viazi, ipo tayari. Ugali na chipsi havina neno, hasa chipsi, kwa chumvi na mafuta yake.

Kitimoto, kwa anayekula, ni mwenza bora kuliko mbuzi kwa mtazamo wangu, hasa mbavu za nguruwe zilizochomwa taratibu mpaka mafuta ya juu yakakauka na kulia mdomoni yakitafunwa. Rosti ya kitimoto yenye hoho, vitunguu na ndimu nyingi ni habari nyingine, na ndimu ile ile inarudi kuharibu.

Mtori uache. Ni chakula kizuri mno kubebeshwa mvinyo huu: ndizi laini, nyama laini, hakuna kilichochomwa, na tanini zinabaki juu ya uji wa ndizi bila cha kushika. Machalari ya nyama ya mbavu za ng'ombe, mazito, yenye mafuta yanayoelea, yanaweza, ila mvinyo wenye nguvu ya wastani utakuwa na adabu zaidi pale. Dagaa na samaki usijaribu kabisa. Mvinyo mwekundu una madini ya chuma, na chuma kikikutana na mafuta ya samaki huzaa ladha ya shombo inayofanana na kulamba msumari. Kwa dagaa ni mbaya kupita kiasi.

Na wa Dodoma?

Haiwezekani kuzungumzia mvinyo mwekundu Tanzania bila Dodoma, na hasa zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la kituo cha utafiti kilichoko kaskazini ya mji ule. Dodoma ina jambo ambalo Stellenbosch haina: mzabibu haulali kwa baridi ya kipupwe, mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa kupogoa, kwa hiyo anavuna mara mbili kwa mwaka, katika miezi ya mwanzo ya mwaka na tena karibu na Agosti na Septemba. Stellenbosch huvuna mara moja.

Kosa linalofanyika Arusha ni kununua "Dodoma" kama vile ni mvinyo mmoja. Kuna mtamu, na kuna mkavu usio na sukari. Soma lebo. Mtamu ukiwekwa mbele ya mbavu zenye chumvi unafanya kazi ya soda, haushiki mafuta, na glasi ya pili inachosha. Nafasi yake ni mwisho wa mlo, umepozwa vizuri, pamoja na karanga za kukaanga zenye chumvi. Mkavu ndio wa nyama. Uupoze mpaka nyuzi 15 au 16, chini kidogo ya Pinotage, na uanze nao kwenye mishkaki ya ng'ombe iliyolala usiku kucha kwenye kitunguu saumu, tangawizi, mafuta na chumvi, bila papai na bila ndimu. Kipande kimoja cha mafuta kati ya kila vipande viwili vya nyama kwenye mti, ndipo tanini zipate pa kushika.

Kilichobaki

Chupa ina mililita 750, glasi tano za mililita 150. Ukibakiza, mimina kwenye chupa ndogo safi ya maji mpaka mdomoni, funga, weka friji. Hewa ndogo ndani yake inampa mvinyo siku tatu nne badala ya moja. Utoe nusu saa kabla ya kunywa. Ukishaanza kunusa siki, usiupeleke mezani wala usiutie kwenye mboga kwa kudhani moto utauponya, kwa kuwa uchachu huo haupiki ukaisha.

Ukiwa bado mzima lakini umechoka, kilo moja ya nyama ya mguu wa ng'ombe inaupokea. Kaanga vipande kwa mafuta mpaka viwe kahawia pande zote, kwa mafungu, usijaze sufuria. Toa nyama, kaanga vitunguu viwili, rudisha nyama, mimina mililita 250 za mvinyo, uache uchemke bila mfuniko mpaka upungue nusu na harufu ya kilevi iishe, ndipo utie maji ya kufunika nyama na karoti mbili. Moto mdogo, saa mbili na nusu. Chumvi tia nusu mwanzo na nusu mwisho. Sufuria isiwe ya aluminiamu tupu, ile nyepesi ya sokoni: asidi ya mvinyo hula aluminiamu kwa saa zote hizo, mchuzi unageuka kijivu na kupata ladha ya bati. Tumia chungu, au sufuria nzito ya chuma kisichoshika kutu.